Nani Aliyeleta Ng'ombe Kwenye Hori

Udongo wa kijitoni, ukiuchimba kwa mkono mvua ikiwa imetoka kunyesha, unanuka kama chungu kipya kilichomiminiwa maji kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo harufu ya Noeli ya utoto wangu. Watu niliosoma nao baadaye husema kwao Noeli ilinuka wali, au nguo mpya, au ubani. Kwetu Muheto, kwenye vilima vya Masisi, mashariki ya Kongo, ilinuka udongo mbichi, na pamoja nao harufu kavu ya maharage yaliyong'olewa na mashina yake na kuning'inizwa chini ya paa ili mvua isiyafikie. Mwezi wa Desemba tulikuwa tunavuna asubuhi, na mchana, ukungu ukishapanda mlimani, watoto wote tulishuka kijitoni na majani ya migomba mikononi, tuchimbe udongo wa kijivu usio na mawe, tuufunge, na kuupeleka nyumbani kwa kufinyanga ng'ombe.

Ng'ombe hao walikuwa wa kanisani. Katika kona ya kanisa letu dogo la mbao, chini ya dirisha lisilokuwa na kioo, palijengwa kila mwaka kibanda cha mianzi na nyasi, ambacho sisi tulikiita kreshi. Ndani yake walikaa Maria, Yosefu, mtoto Yesu na wachungaji wawili, wote wa plasta, walioletwa na mapadri zamani sana hata mmoja wa wachungaji hakuwa na pua tena. Kuwazunguka hao walisimama ng'ombe wa udongo, mmoja kwa kila familia, kila mmoja na jina lake. Sisi tulikuwa wakulima wa maharage na mihogo. Ng'ombe wengi wa kweli walikuwa upande wa Kirolirwe, ambako malisho yanaanza. Lakini hata asiyekuwa na ng'ombe zizini alikuwa naye kanisani. Mwaka nilipokuwa na miaka kumi niliwahesabu, wakawa arobaini na wawili. Walijaa kibandani, wakatoka nje, wakafika karibu na altare, na ili umwone mtoto Yesu ilikubidi uiname na kuchungulia katikati ya pembe.

Kati yao alikuwapo mmoja aliyeitwa Gaju, wa Mama Nyota, mjane aliyeishi nyuma ya kanisa. Zamani Gaju alikuwa ng'ombe wa kweli, wa rangi ya udongo mwekundu, wa pekee katika zizi la mama huyo. Wakati wa vita watu wenye bunduki walikuja wakamswaga, na tangu mwaka huo Mama Nyota alimfinyanga Gaju kila Desemba, kwa udongo mwekundu aliokwenda kuutafuta mbali, na kumwekea doa jeupe la majivu kwenye paji la uso.

Mwaka huo nilipokuwa na miaka kumi, mzee Donati, mwalimu wetu wa dini wa miaka mingi, alikuwa amefariki, na parokia ikatutumia kijana aliyeitwa Anselmi. Alitoka Walikale, nchi ya msitu, akafika kwa miguu na begi la vitabu vya Kifaransa kichwani. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa na tabia ambayo sikuwa nimeiona kwa mtu mzima yeyote: alipenda kuulizwa. Mzee Donati alitufundisha majibu. Mwalimu Anselmi alitufundisha majibu, kisha akafunga kitabu na kusema, "Sasa mwenye swali?" Na alingoja kweli, akituangalia mmoja mmoja.

Kwake ndipo nilipojifunza kwamba Noeli ina historia, kama vile mtu alivyo na historia. Kabla ya hapo nilidhani Noeli ilikuwapo tu, kama mlima. Alituambia kwamba tarehe ya kuzaliwa Yesu haikuandikwa mahali popote katika Injili. Wakristo wa Roma ndio walioichagua tarehe ishirini na tano, na wako wanaosema waliichagua kwa sababu katika nchi hizo, siku hizohizo, mchana unakuwa mfupi sana, halafu unaanza tena kurefuka, na watu wa huko walikuwa tayari wanashangilia kurudi kwa jua. Nikarudi nyumbani nikachomeka kijiti uani, nikawa napima kivuli kila siku saa sita, jua lilipokubali kutoka. Nilipima majuma mawili na kuona kwamba kivuli hakikubadilika hata kidogo. Nikabaki najiuliza: sisi ambao jua haliondoki, tunashangilia nini? Siku nyingine alituambia kwamba mti wa Noeli ulitoka katika nchi ambazo miti yote hupukutisha majani wakati wa baridi, isipokuwa michache inayobaki na ukijani wake, ndiyo maana waliiingiza nyumbani. Mimi nilikuwa nimekwenda mwenyewe kukata tawi la msipresi kwa ajili ya kanisa, katikati ya kilima ambacho sijawahi kukiona bila majani. Mambo hayo hayakunisumbua. Yalinifurahisha, kama unapogundua kwamba nyumba yenu ina chumba usichokijua.

Nyumbani tulikuwa na Agano Jipya lililopoteza jalada. Baba, ambaye majirani wote walimwita Papa Riziki kwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, alikuwa hasomi vizuri. Mama alisoma Jumapili. Mimi nikaanza kulisoma kila jioni, nikitafuta habari za Noeli, nione ni nani aliyeleta nini. Nilimkuta Maria, Yosefu, malaika na wachungaji. Niliwakuta mamajusi, na nikashangaa kwamba hawakuandikwa kuwa watatu. Lakini ng'ombe sikumwona. Nilirudia tena na tena, nikidhani nimeruka ukurasa.

Jumamosi moja ya Desemba, Mwalimu Anselmi alipouliza mwenye swali, nikasimama kuuliza, kwa Kiswahili cha kwetu, mahali alipo ng'ombe.

"Mwalimu, nimesoma Luka na Matayo. Ngombe yetu iko fasi gani?"

Watoto wakacheka. Yeye akatabasamu, akafungua kitabu chake kunionyesha, akageuza ukurasa mmoja, akarudi nyuma, akageuza mwingine. Tabasamu likaisha polepole. Akafunga kitabu.

"Riziki, unipe siku moja," akasema. "Nami nitafute."

Nilitembea kwenda nyumbani kifua mbele. Nilikuwa nimemshinda mwalimu kwa swali, na yeye hakukasirika.

Kesho yake, Jumapili, baada ya masomo, alisimama mbele ya watu wote. "Ndugu zangu," alisema, "mutoto mumoja alinifungua macho. Mu Injili ya kuzaliwa kwa Bwana hakuna ngombe, hakuna punda. Iko hori tu. Ngombe na punda watu waliwaleta nyuma ya miaka mingi, kwa kufuata neno la nabii Isaya, na mutawa mumoja wa Italia njo alifanya kreshi ya kwanza. Ile naweza kuelewa. Lakini hizi zetu zenye majina, zinanipa woga. Kwetu Walikale nilionaka sanamu za udongo mu nyumba za waganga, na hazikuwa za Mungu. Ninawaomba, kila familia ije ichukue yake."

Mabenchi yakaanza kulia watu walipoinuka. Walipita mmoja baada ya mwingine, wakachukua ng'ombe wao. Kwa kuwa udongo ulikuwa haujakauka vizuri, pembe zilikatika mikononi. Mama Nyota alikuwa wa mwisho. Alifungua kitenge cha begani, akamfunika Gaju kama anavyofunikwa mtoto, na alipopita mbele ya benchi letu akasimama.

"Mutoto," akaniuliza bila ukali, "ulikuwa unatafuta nini?"

Ukali ningeuvumilia. Sauti ile ya mtu anayetaka kweli kujua ndiyo iliyonifanya nilie njia nzima. Mama yangu alinishika mkono. Baba alitembea mbele yetu, kichwa chini, ng'ombe wetu ndani ya kofia yake.

Sikuweza kulirudisha swali langu. Nilichoweza kufanya ni kuuliza jingine. Ikiwa ng'ombe hawakutoka katika Injili, walitoka wapi kwetu? Mwalimu aliogopa kwamba walitoka kwa waganga. Nikasema moyoni kwamba nikimpata aliyeanza, na akawa si mganga, labda watarudi. Juma lile, kila nilipomaliza kupura maharage, nilipita nyumba kwa nyumba. Nilifikiri jibu litakuwa moja. Jirani yetu wa juu aliniambia ni mapadri wazungu walioamuru, ili tujue kwamba Yesu alizaliwa zizini. Wa chini akasema hapana, ni desturi ya mababu wa hapa, ilikuwapo kabla ya wazungu. Mama mwingine aliapa kwamba ni mzee Donati aliyeota ndoto. Kila mmoja alisema kama mtu aliyekuwapo. Mama Nyota sikuthubutu kumwuliza.

Mwishowe nikaenda kwa Papa Bauma, seremala, aliyekua pamoja na baba na kufagia kanisa pamoja naye walipokuwa watoto. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Nilimsalimu, nikamwuliza kama wengine. Akaendelea kupiga randa mpaka mwisho wa ubao, akapuliza maranda.

"Ile muulize papa yako," akasema.

"Papa hajui. Hajasema kitu hata siku moja."

"Muulize tu, Riziki. Umwambie mimi njo nimekutuma."

Nilimkuta baba shambani, amepiga magoti kwenye mteremko, anang'oa mashina ya mwisho. Nilipomwambia nilikotoka na neno nililotumwa, mikono yake ilisimama. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hata shukrani alizitoa kwa kichwa. Alikaa chini kwenye mashina, akanionyesha mahali pa kukaa, na akawa anaangalia upande wa malisho wakati anaongea.

Aliniambia kwamba zamani kreshi ilikuwa na ng'ombe mmoja wa plasta, mweupe, mzuri, amelala. Majuma machache kabla ya Noeli, yeye na Bauma walikuwa wanafagia kanisa. Wakati Bauma ameshuka kuchota maji, baba alipanda kabati lililokuwa na sanamu.

"Nilitaka kujua kama iko dume ao jike," alisema. "Njo nilimugeuza. Akaniponyoka."

Ng'ombe alivunjika vipande. Baba alivisukuma nyuma ya kabati, akatoroka. Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwa Bauma, na mzee Donati alipogundua, aliyeadhibiwa ni Bauma. Alipewa kazi ya kubeba mawe ya kuimarisha msingi wa kanisa, kila Jumamosi mpaka Pasaka. Baba alimwona akipita na mawe kichwani, na kila alipotaka kusema, mdomo ulikataa. Kitu pekee alichoweza kufanya ni kushuka kijitoni, kufinyanga ng'ombe wa udongo, na kumweka kwenye kreshi asubuhi ya Noeli kabla watu hawajafika. Mzee Donati alimwona ng'ombe huyo, akanyamaza, akamwacha. Watu walidhani ni yeye aliyemwagiza. Mwaka uliofuata mtoto mwingine akasema ng'ombe yule ana pembe za mbuzi, akaleta wake wa kumshinda. Mwaka wa tatu wakawa sita.

"Njo vile tu?" nikauliza.

"Njo vile tu."

Nilimwambia lazima Mwalimu Anselmi ajue. Aliinuka, akafunga mzigo wa maharage, akanitwika wangu, tukapanda nyumbani. Sikumsukuma. Nilikuwa nimeshaona swali moja linavyoweza kuingia nyumba za watu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla ya Noeli. Kona ya kreshi ilikuwa na watu watano wa plasta na nafasi kubwa. Mwalimu alipomaliza matangazo, akauliza kama yuko mwenye neno, na baba akasimama. Nilisikia mama akivuta pumzi. Baba alishika benchi la mbele kwa mikono miwili, akaeleza yote kama alivyonieleza mimi, kuanzia kabatini mpaka kwenye mawe. "Hakuna muganga," akamalizia. "Iko mimi tu. Na Bauma alibeba mawe yangu, na sikumwomba musamaha mpaka leo."

Wote waligeuka kumtazama Papa Bauma, aliyekaa karibu na mlango kama kawaida yake. Hakuonekana kushangaa.

"Habamungu," alisema, akimwita baba kwa jina lake la utoto, "mi nilijua tangu siku ile. Nilikuona mu dirisha, ndoo kichwani. Nilikuwa nakungojea useme. Nikaona unachelewa, nikajiendea kwa kazi zangu."

Mtu mmoja alicheka, kisha kanisa zima likacheka, na baba akacheka huku machozi yanamtoka, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Mwalimu Anselmi peke yake hakucheka. Alikuwa anaiangalia ile kona. Hapo Mama Nyota akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, ulisema iko hori. Hori njo nini?"

"Fasi nyama za kufuga zinakulia, Mama."

"Basi ile hori ilikuwa na wenyewe. Walienda wapi, ile siku?"

Mama Nyota hakuwa amemaliza. "Na ule mutawa wa Italia, ngombe yake alimutoa wapi?"

"Watu wanasema alikuwa wa kweli, muzima," Mwalimu akajibu polepole. "Nafikiri aliazima. Kwa jirani."

"Sawa na sisi," akasema Mama Nyota, akaketi.

Mwalimu akasema maneno ambayo nimeyakumbuka kila ninaposimama mbele ya darasa: alikuwa ameogopa kitu kabla ya kuuliza kilitoka wapi. Akatuomba radhi. Akasema ng'ombe warudi, ila wasogee kidogo, mtoto Yesu aonekane. Alasiri ile kijito kilijaa watu, wakubwa kwa wadogo, wakitengeneza pembe zilizokatika. Mwalimu naye alishuka. Hakuwa amekua na ng'ombe, na ng'ombe aliyemfinyanga alifanana na mbwa mnene. Watoto walimcheka mpaka akaketi majini. Mama Nyota alimrudisha Gaju mwenyewe, na alipopita mbele yangu alinigusa kichwani. Na kuanzia Januari, kila Jumamosi, baba alitoka mapema kwenda kubeba mawe ya msingi wa jiko jipya la Papa Bauma. Hakuna aliyemwagiza. Aliacha ilipofika Pasaka.

Sasa miaka mingi imepita. Kanisa lile limebaki kuta. Watu wa kilima chetu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena, na wengi wetu tumetawanyika. Baba amefariki, na sanduku lake lilichongwa na Papa Bauma, aliyekataa kusaidiwa na mtu. Mimi ninafundisha shule ya msingi huko Rubaya, ambako vilima vimechimbwa mpaka vimebadilika rangi, na watu hupita siku nzima na mifuko ya madini ya koltani mgongoni. Wanafunzi wangu wakitaka kujua kwa nini Noeli ni tarehe ishirini na tano, wanamwomba kaka mwenye simu, na kabla sijafuta ubao wana jibu. Sisemi ni vibaya. Mimi nilipima kivuli majuma mawili na bado sikujua. Lakini katika majuma hayo nilijifunza kutazama, na katika juma lililofuata nilijifunza kwamba desturi ina mtu ndani yake, mwenye aibu yake na sababu zake, na kwamba mtu huyo anaweza kuwa nyumbani kwako anang'oa maharage. Hilo simu haijaniambia bado. Sanamu zetu za sasa ni za plastiki, zinauzwa zote pamoja ndani ya boksi moja, na taa ndogo zinazowaka na kuzima. Ni nzuri. Hakuna iliyokosa pua.

Noeli iliyopita nilikuwa miongoni mwa mama waliopanga kreshi ya kanisa. Asubuhi, kabla ya misa, tulikuta kati ya wachungaji wa plastiki mtu wa udongo, mdogo kama kidole, ameinama, na mgongoni ana mfuko mkubwa kuliko yeye. Mama mwenzangu akanyoosha mkono amtoe. Nikamwomba angoje. Nyuma yetu alisimama msichana mmoja wa darasa langu la pili, mikono imejaa udongo uliokauka.

"Huyu njo nani?" nikamwuliza.

"Njo papa yangu," akasema. "Alipita kwanza hapa, sababu iko njia yake ya kazi."

Tulimwacha mahali alipokuwa. Mwaka huu wenzake wawili wameshaniuliza udongo mzuri unapatikana wapi. Huenda siku moja watu watabishana kama ni mapadri, au mababu, au ndoto. Msichana aliyeanza anaitwa Asifiwe, ana miaka saba, na hajui bado kwamba ameanza kitu.